Haja, Zamu na Kikomo: Kufundisha Jinsi Mtandao Unavyopaswa Kupokea Maombi ya Ubora wa Huduma

Miongoni mwa maswali ambayo mwalimu wa shule ya msingi hana budi kujiandaa kuyajibu siku hizi ni hili: kwa nini sauti ya mtu anayezungumza nasi kwa njia ya intaneti hukatika-katika, ilhali picha iliyotumwa kwa njia hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, hufika nzima bila kupungukiwa hata na nukta moja? Aghalabu jibu linalotolewa ni kwamba mtandao ni mbovu, na mjadala hufungwa hapo. Jibu hilo halifundishi kitu, kwa sababu mtandao huo unaodaiwa kuwa mbovu kwa sauti umekuwa mzima kwa picha. Mtoto mwerevu atang'amua upungufu huo mara moja, na akinyamaza si kwamba ameridhika.

Katika makala haya tunakusudia kumweleza mwanachuo mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni jinsi mtandao unavyopaswa kuyapokea maombi ya programu zinazotaka huduma bora kuliko nyingine. La pili ni jinsi ya kulifundisha jambo hilo katika darasa la tano au la sita kwa kutumia kadi za karatasi, makofi na madawati mawili, pasipo kompyuta hata moja. Msimamo wetu tunautaja mapema ili msomaji aupime anavyoendelea: mtandao usikilize haja ya kazi inayofanywa, wala si cheo cha mwombaji, kila ombi liwe na kikomo chenye mlinzi, na pale njia inapojaa, mtandao uwe tayari kukataa mapema badala ya kukubali kisha ukashindwa.

Pakiti na foleni

Kwanza mwanachuo afahamu kwamba ujumbe hausafiri mtandaoni ukiwa kitu kizima. Hukatwa vipande vidogo, na kila kipande huandikwa anwani ya kiendako. Wazo hilo lilibuniwa katika miaka ya 1960 na watu wawili waliofanya kazi mbalimbali bila kujuana, yaani Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza. Vipande hivyo tutaviita pakiti. Tungependa kuviita vifurushi, kwani ndilo neno zuri zaidi, lakini mtoto wa leo akisikia kifurushi hufikiria muda wa maongezi unaonunuliwa dukani, na somo zima litapotea njia.

Njiani zimo mashine zinazoitwa ruta. Kazi ya ruta ni kupokea pakiti, kusoma anwani, na kuitoa kwenye njia inayofaa. Ikiwa pakiti zinaingia upesi kuliko zinavyoweza kutoka, hupangwa foleni. Foleni ikijaa, pakiti inayofuata hutupwa. Hayo ndiyo yote. Karibu kila tabu ambayo mtumiaji wa mtandao huiona hutokana na foleni hiyo ama kuwa ndefu ama kujaa.

Ni vema hesabu ifanywe ubaoni, kwa kuwa haihitaji zaidi ya kuzidisha na kugawanya. Pakiti kubwa ya kawaida huwa na baiti 1,500, yaani biti 12,000. Katika njia inayopitisha biti 1,000,000 kwa sekunde, pakiti hiyo huchukua milisekunde 12 kutoka. Kumi zikiwa zimetangulia, pakiti ya kumi na moja itangoja milisekunde 120. Sasa tuichukue njia ya biti 64,000 kwa sekunde, ambayo ilikuwa njia ya kutamaniwa miaka ya nyuma: pakiti moja tu ya namna hiyo huchukua karibu milisekunde 188. Kulingana na pendekezo la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, mazungumzo huwa ya raha iwapo sauti hutoka kinywani hadi sikioni pasipo kuzidi milisekunde 150. Kwa hiyo katika njia ile nyembamba kipande kimoja cha picha ya mtu mwingine kilitosha kuyavuruga mazungumzo kabla ya jambo lolote jingine kutokea.

Hapo ndipo tofauti ya haja inapojitokeza. Sauti haihitaji nafasi kubwa, ila haivumilii kukawia; neno linalofika baada ya wakati wake halina kazi tena, hata kama limefika zima. Picha au barua huvumilia kukawia, lakini haikubali kupoteza kipande. Mtu anayeandika kwenye mashine iliyo mbali hutuma herufi moja moja, naye hukasirika herufi isipoonekana mara aibonyezapo. Nakala ya kumbukumbu za ofisi inayopelekwa usiku kuhifadhiwa mahali pengine haijali chochote maadamu ifike kabla ya asubuhi. Mwanachuo aone kwamba hapa hatujasema ni ipi iliyo bora kuliko nyingine. Tumesema tu kwamba hazitaki kitu kimoja.

Mchezo wa daraja

Mchezo tunaoupendekeza huchukua kipindi kizima na unahitaji matayarisho. Panga madawati mawili yaachiane nafasi ya kupita mtoto mmoja tu. Hilo ndilo daraja, nalo lasimama badala ya njia ya mtandao. Mwalimu apige makofi polepole kwa mwendo usiobadilika, na kila kofi apite mtoto mmoja mwenye kadi moja. Andaa kadi 30 nyeupe ambazo ni vipande vya picha moja kubwa iliyokatwa. Nyuma ya kila kipande iandikwe namba ili picha iweze kuungwa upande wa pili. Andaa pia kadi 10 nyekundu, kila moja ikiwa na neno moja la sentensi hii: Mama anasema uje kesho asubuhi na mapema kabla jua halijachomoza. Ikiwa wanafunzi hawatoshi, kadi zipangwe juu ya benchi kwa utaratibu wa foleni, na wachukuzi wachache wazivushe mmoja mmoja wakirudi kuchukua nyingine.

Msemaji hutoa neno moja kila baada ya makofi matano: la kwanza katika kofi la kwanza, la pili katika kofi la sita, na kuendelea. Ng'ambo ya daraja yupo msikilizaji. Yeye hulisoma neno la kwanza katika kofi la sita, la pili katika kofi la kumi na moja, na hivyo hivyo hadi mwisho. Neno lisipokuwepo wakati wake ukifika, aseme kwa sauti "kimya", na neno hilo likija baadaye aliweke chini ya dawati bila kulisoma. Yale makofi matano anayongoja kabla ya kuanza yana maana yake: programu halisi za mazungumzo nazo huiweka sauti kidogo kabla ya kuitoa sikioni, ili tofauti ndogo ndogo za nyakati za kufika zisisikike.

Mzunguko wa kwanza uwe wa foleni moja isiyobagua. Kadi nyeupe zote 30 zifike darajani kwa pamoja mwanzoni, na kadi nyekundu zijipange nyuma yake kila zinapotolewa. Mwanachuo akiujaribu mchezo huu kwenye karatasi kabla ya kuingia darasani ataona kwamba neno la kwanza litavuka katika kofi la 31, na kwamba maneno saba ya kwanza yote yatachelewa. Msikilizaji atasema "kimya" mara saba, kisha atasoma: kabla jua halijachomoza. Darasa litacheka, na liachwe licheke. Kisha liulizwe: picha je? Picha imekamilika katika kofi la 30, nzuri kabisa. Lile swali la mwanzo wa makala limekwisha kujibiwa na watoto wenyewe.

Mzunguko wa pili, kadi nyekundu ikifika ipite mbele ya nyeupe zote. Maneno yote kumi yatasomwa kwa wakati. Picha nayo itakamilika katika kofi la 38. Watoto wahesabu hasara iliyowapata wenye picha: makofi manane. Hapa mwalimu asipite haraka. Kipaumbele hakikuongeza uwezo wa daraja hata kidogo. Kofi halikuharakishwa wala daraja halikupanuliwa. Alichopewa mmoja kimetoka kwa mwingine, ila kilichotoka kwa huyo kimemgharimu kidogo kuliko kilivyomfaa huyu. Pia mwalimu atawaona watoto wenye kadi nyekundu wakikimbia. Awarudishe. Kuwa na haraka kwenye foleni si kwenda mbio; ni kupunguziwa waliotangulia tu.

Mzunguko wa tatu ndio kiini cha somo. Mwalimu awape wenye kadi nyeupe kalamu nyekundu na kuwaambia kwamba atakaye anaweza kuipaka kadi yake rangi. Baada ya dakika moja hakutabaki nyeupe hata moja, na mchezo ukianza utatoa matokeo yale yale ya mzunguko wa kwanza, "kimya" mara saba. Bila shaka watatokea watakaosema kwamba wenzao wamedanganya. Mwalimu aulize: wamevunja sheria gani? Hawakuivunja yoyote. Waliruhusiwa kuomba, nao wakaomba. Kosa ni la aliyepanga utaratibu ambao kila mmoja anafaidika kwa kuomba makubwa na hakuna anayepoteza kitu kwa kufanya hivyo.

Mzunguko wa nne awekwe mlinzi penye kuingilia foleni. Kila mtumaji, awe wa sauti au wa picha, anaruhusiwa kupitisha kadi nyekundu moja tu katika kila makofi matano; ya pili mlinzi anaichora mkaa na kuirudisha katika nyeupe. Haitupi, anaishusha daraja. Watoto wataona upesi kwamba kwa mwenye sauti ruhusa hiyo inatosha kabisa, kwa kuwa haja yake ni neno moja kwa makofi matano. Kwa mwenye picha, udanganyifu haumletei faida ya maana. Ombi sasa limekuwa na ukweli ndani yake, na ukweli huo haukuletwa na mahubiri juu ya uaminifu. Umeletwa na kikomo.

Mwalimu awe mwangalifu kwa jambo moja. Mtoto aliyebeba neno lililochelewa asifanywe kichekesho. Tunashauri wachukuzi wabadilishane kadi katika kila mzunguko, na mtoto mwenye ulemavu wa miguu apewe kazi ya mlinzi au ya msikilizaji kwa sababu kazi hizo ndizo zenye uamuzi mkubwa zaidi katika mchezo.

Yaliyotokea katika mitandao halisi

Mzunguko wa tatu si mzaha uliobuniwa kwa ajili ya darasa. Kanuni ya pakiti za intaneti iliyotolewa mwaka 1981 iliweka ndani ya kila pakiti nafasi ya kuandika ombi: ngazi nane za kipaumbele, na alama tatu za kuonyesha kama mtumaji anataka ukawiaji mdogo, wingi mkubwa, au uhakika wa kufika. Waandishi wa kanuni hiyo walikuwa na busara. Walionya kwamba katika mitandao mingi kupata kimoja hupunguza kingine, na kwamba isipokuwa kwa nadra sana mtumaji asiombe zaidi ya viwili kati ya vitatu. Lakini onyo si mlinzi. Hapakuwa na gharama wala ukaguzi kwa aombaye vyote, na kwa sehemu kubwa ya intaneti alama hizo zilipuuzwa.

Hatari ya msongamano ilidhihirika Oktoba 1986. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, umbali usiofika nusu kilomita, mwendo wa mawasiliano ulishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Kompyuta zilipoona pakiti zao hazijibiwi zilizituma tena upesi, na kila zilipozituma tena foleni ilizidi kujaa. Mwaka 1988 Van Jacobson alieleza dawa yake: kompyuta inayoona pakiti zake zimepotea ipunguze mwendo, kisha iongeze tena kidogo kidogo. Dawa hiyo haikuhitaji ombi lolote, nayo inafanya kazi hadi leo. Katika miaka hiyo hiyo, mtandao wa vyuo vikuu vya Marekani ulioitwa NSFNET, ambao njia zake zilikuwa za biti 56,000 kwa sekunde, uliwapa nafasi ya mbele watu waliokuwa wakibonyeza herufi moja moja kwenye mashine za mbali. Wasimamizi hawakungoja kuombwa. Ruta zenyewe zilitambua aina ya kazi na kuipisha.

Baadaye wataalamu walijaribu njia ya kuweka miadi. Kwa kanuni iliyotolewa mwaka 1997, programu hutangaza kiasi inachohitaji kabla ya kuanza, na kila ruta njiani huulizwa kama inayo nafasi. Zote zikikubali, nafasi hushikwa. Moja ikikataa, mwombaji huambiwa. Huu ni utaratibu wa haki kabisa, na darasani ni rahisi kuueleza, maana unafanana na mtu aliyeagiza kiti cha basi mapema. Udhaifu wake ni kwamba kila ruta lazima ikumbuke kila miadi. Ruta iliyo katikati ya mtandao mkubwa hupitisha mazungumzo mengi mno kwa wakati mmoja, na njia kutoka mji mmoja hadi mwingine hupita katika mali ya makampuni mbalimbali ambayo hayana sababu ya kuaminiana.

Kwa hiyo Desemba 1998 ulitolewa utaratibu mwingine, na huo ndio unaofanana na mlinzi wetu. Ukaguzi hufanyika mlangoni tu, mahali pakiti inapoingia. Mlinzi hupima kama mtumaji yumo ndani ya kikomo, kisha huandika alama katika nafasi ya biti sita, inayotosha kwa alama 64 tofauti. Ruta za katikati hazikumbuki mtu wala miadi. Husoma alama na kuipeleka pakiti kwenye foleni yake. Mwanachuo aangalie uzuri wa wazo hilo: kazi ngumu ya kuhukumu imewekwa pembezoni ambako wapitao ni wachache, na katikati imebaki kazi nyepesi. Hata hivyo alama hizo hufaa ndani ya milki ya msimamizi mmoja. Pakiti ikivuka kwenda kwa kampuni nyingine, alama yake mara nyingi hufutwa au huandikwa upya, kwa sababu mlinzi wa huko hana sababu ya kuuamini mkono wa mlinzi wa huku.

Jambo hili linaeleza tofauti ambayo walimu wengi wameiona bila kuielewa. Kampuni ya simu inapopitisha simu zake yenyewe katika mtandao wa 4G, huzitengea njia maalumu ndani ya mtandao wake. Mazungumzo ya programu iliyopakuliwa kutoka intaneti hayana njia hiyo. Hupita pamoja na picha na video za watu wote.

Simu ya kumi na tatu

Turudi ubaoni kwa hesabu ambayo twaona kila mwanachuo aimiliki. Katika namna moja ya kawaida ya kusafirisha sauti, kila sekunde hukatwa pakiti 50. Kila pakiti ina baiti 160 za sauti na baiti 40 za anwani na maelezo mengine. Jumla baiti 200, yaani biti 1,600. Zidisha kwa 50, tunapata biti 80,000 kwa sekunde kwa upande mmoja wa mazungumzo. Katika njia ya biti 1,000,000 kwa sekunde zitaingia simu 12, zikitumia biti 960,000. Simu zote kumi na mbili ni safi.

Sasa aje mtu wa kumi na tatu. Jumla inakuwa biti 1,040,000. Pakiti zinazoingia ni 650 kila sekunde, zinazoweza kutoka ni 625, na 25 hazina budi kutupwa. Mtoto atadhani kwamba aliyechelewa kuja ndiye atakayeumia. La hasha. Pakiti hazimjui wa kwanza wala wa mwisho, na kila moja ya simu zile kumi na tatu itapoteza karibu pakiti mbili katika kila hamsini, sekunde baada ya sekunde. Tena foleni itabaki imejaa wakati wote: ikiwa inachukua pakiti 100, kila neno litangoja milisekunde 160 kabla ya kutoka, na ule mpaka wa 150 umekwisha kupitwa. Hapo kipaumbele hakisaidii kitu, maana wote wanacho.

Kwa sababu hiyo tunasema kwamba kukataa ni sehemu ya huduma. Mtandao unaomwambia mtu wa kumi na tatu "njia imejaa, jaribu baadaye" umewatunzia kumi na wawili ahadi yao, na yeye mwenyewe umemwondolea adha ya kupiga kelele dakika kumi bila kusikilizana. Katika mchezo wa daraja jambo hili hujaribiwa kwa kuongeza wasemaji. Wasemaji watano hulijaza daraja lote, na picha haisogei hata kipande kimoja. Wa sita huwaharibia wote. Waachie watoto waamue wenyewe daraja lipokee wasemaji wangapi ili wenye picha nao wasikae njaa. Darasa moja litasema wawili, jingine watatu. Yote mawili ni majibu halali, mradi walioamua waweze kutaja picha itakamilika katika kofi la ngapi.

Nani anayestahili kupishwa

Hatukubaliani na walimu wanaolifundisha somo hili kwa mfano wa mkubwa kupishwa na wadogo. Upo mtandao uliojengwa kwa msingi huo: jeshi la Marekani lilikuwa na mtandao wa simu ulioitwa AUTOVON, ambao baadhi ya simu zake zilikuwa na vitufe vinne vya ziada vya kutaja ngazi ya kipaumbele, na simu ya ngazi ya juu iliweza kuikata ya ngazi ya chini ili ipate njia. Kwa jeshi jambo hilo lina maana. Kwa mtandao wa watu wote lina hatari, kwa sababu mwenye cheo akishapewa alama nyekundu ataitumia hata anapotazama mpira. Tunapendelea mfano wa zahanati, ambako mtoto anayeshindwa kupumua hupishwa na wote, awe mtoto wa nani. Na mwenye jipu, hata akiwa diwani, huketi kwenye benchi. Kinachotazamwa ni kama kungoja kutaharibu jambo.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya msimamo wa namna hiyo umewekwa katika kanuni ya mwaka 2015. Kampuni za mtandao zinaruhusiwa kutofautisha aina za mawasiliano kwa kufuata mahitaji yake ya kiufundi yanayoweza kupimwa, lakini si kwa kufuata maslahi ya biashara, wala haziruhusiwi kuchungulia yaliyomo ndani ya mawasiliano ili kufanya hivyo. Tunadhani sehemu hiyo ya mwisho ina uzito kuliko inavyopewa. Mlinzi anayetaka kuhukumu haja ya kila mtu atashawishika kufungua barua za watu. Ndiyo sababu kuna wataalamu wanaotaka mtandao uanze na kugawa zamu sawa kwa kila mtumaji pasipo kuuliza chochote, wazo lililotolewa na John Nagle mwaka 1985. Mwenye pakiti chache, kama mwenye sauti, hunufaika na zamu hizo bila kuomba; mwenye pakiti nyingi hungoja nyuma ya pakiti zake mwenyewe. Nasi twaona utaratibu huo uwe wa kwanza kujaribiwa. Maombi yenye kikomo yafuate kwa machache ambayo zamu hazikuyatosha. Na miadi iachwe kwa mitandao yenye msimamizi mmoja.

Kuna upungufu ambao hauondolewi na utaratibu wowote, na mwanachuo asiwaahidi watoto kinyume chake. Kabla ya waya wa baharini wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, mawasiliano mengi ya intaneti ya pwani yetu ya Afrika Mashariki na nchi za mbali yalipitia satelaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ardhi. Kupanda na kushuka huko huchukua takriban robo sekunde, na hakuna alama ya kipaumbele inayoweza kulifupisha anga. Kipaumbele hupunguza kungoja tu, umbali hakiugusi.

Zoezi la kumalizia kipindi twapendekeza liwe la shule yenyewe. Waambie wanafunzi kwamba shule ina njia moja ya biti 2,000,000 kwa sekunde, na kwamba saa nne asubuhi kuna mambo manne yanayoitaka kwa pamoja: mwalimu mkuu anapakua waraka wa kurasa nyingi, darasa la saba linasikiliza somo la sauti kutoka shule nyingine na kuuliza maswali, karani anahifadhi kumbukumbu za mahudhurio, na mwalimu mmoja anatazama video. Kila kundi la wanafunzi wanne lipange foleni, liweke kikomo kwa kila ombi, na liseme ni nani ataambiwa arudi baadaye. Makundi mengi humweka mwalimu mkuu mbele. Mwalimu asiwakosoe papo hapo. Awaulize tu waraka huo ukichelewa dakika tatu kutaharibika nini, na swali la darasa la saba likichelewa dakika tatu kutaharibika nini, kisha awape muda wa kuipanga upya.